LibreOffice inayojua Kiswahili, na programu nyingine za bure

Kompyuta ikishapigwa Windows upya, wengi hukimbilia Office ya wizi. Faili za aina hiyo mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, jiulize anakuja kufanya nini.

LibreOffice inatosha kwa barua, hesabu na slaidi. Faili la kusakinishia lina MB 350 hivi, kwa hiyo lishushe penye wifi. Wakati wa kusakinisha usibofye Next tu mpaka mwisho. Chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, uwashe Swahili. Baadaye, katika Tools, Language, For All Text, chagua Kiswahili cha Tanzania hata kama uko Mombasa, maana kamusi iliyomo imewekwa kwa jina hilo. Usitegemee miujiza: kitenzi chetu hubeba viambishi vingi, na neno kama "hawajatuandikia" linaweza kupigiwa mstari mwekundu bila kosa lolote. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uliongeze kwenye kamusi yako.

Barua iliyotoka Word ikifunguka imevurugika, tazama fonti kwanza. LibreOffice huja na Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri ya Word, na Caladea iliyopimwa kwa Cambria, fonti nyingine ya Word, hivyo mistari hukatika palepale. Word za karibuni huanza na Aptos. Kompyuta isiyo nayo huweka fonti nyingine, na aya ya mwisho huangukia ukurasa wa pili. Kama mpokeaji hatahariri kitu, mtumie PDF, yaishe.

Kwa skana, tumia NAPS2. Hapa ndipo vyeti vya maombi ya kazi hukwama, kwa kuwa mifumo mingi hukataa faili kubwa. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) una nukta 2480 kwa 3508. Ukishusha hadi 150, nukta zinabaki robo, na maandishi ya kawaida bado yanasomeka. Kuchagua kijivu badala ya rangi hupunguza zaidi, ila mhuri wa bluu utaonekana kama fotokopi. Nyeusi na nyeupe tupu iepuke kabisa kwenye vyeti: sahihi iliyofifia hupotea. NAPS2 pia hupokea PDF ulizonazo, ukazipanga na kuzihifadhi kama faili moja, bila kupandisha vyeti vyako kwenye tovuti ya mtu usiyemjua.

Nyingine ni fupi kueleza. 7-Zip hufungua zip na RAR, ingawa RAR haitengenezi. VLC hucheza karibu kila video. SumatraPDF, ya kusomea PDF, ni nyepesi, inafaa mashine ya RAM GB 2.

Ukitafuta kwa Google, matokeo ya juu huweza kuwa matangazo yenye kitufe kikubwa cha kushusha kitu kingine. Kuyakwepa, tumia winget, amri ya Windows yenyewe ya kushusha na kusakinisha programu. Kwenye Windows 11 fungua Terminal, andika:

winget install 7zip.7zip

Hiyo ni ya 7-Zip. Kwa VLC, mahali pa 7zip.7zip weka VideoLAN.VLC, na kwa LibreOffice weka TheDocumentFoundation.LibreOffice. Amri ya winget upgrade --all husasisha zote kwa mkupuo, na humeza bando vilevile.