Chumba cha Pili

"Mama, hiki mbona kimekunjwa-kunjwa kama hirizi?"

Ilikuwa jana baada ya Maghribi. Tulikuwa tumelimwaga faili lote kitandani, tunatafuta cheti cha kuzaliwa cha huyu kitinda mimba wangu, maana kwenye pasipoti wanataka cha asili. Alichokishika si chake. Ni cheti chetu cha ndoa. Vyeti vingine vyote vimenyooka ndani ya nailoni zao, hiki pembe zimelika, na pale katikati mikunjo inapokutana pana kitundu ambacho chembe ya mchele hupita.

"Kamuulize Aba yako."

Aba yake yuko sebuleni, miwani puani, simu mkononi. Akatoa jibu lake la miaka yote: "Mamako alikisahau Kairo tulipokwenda Iskandaria. Tangu siku hiyo nikawa natembea nacho pochini."

Hadithi hiyo mmeshaisikia. Sidhani kuna mgeni aliyewahi kunywa kahawa kwetu akaondoka bila hiyo. Huishia pale mzee wa nyumba ya wageni anapouliza kasima na mwenzangu anapojibu Nairobi. Watu hucheka, mimi nacheka nao, sahani ya kaimati inazunguka tena. Kilichofuata sijamwambia mtu, na nakiandika hapa kwa sababu mwenyewe hasomi haya. Hudai ni marefu.

Basi. Likizo ya nusu mwaka, mwisho wa Januari 2010. Tulikuwa na miezi minne ya ndoa na mitatu ya Kairo. Yeye yuko chuo cha Azhar, mimi hata nyanya nanunua kwa kuonyesha kidole. Tulikaa Hayy al-Ashir, fleti ya vyumba vitatu, kila chumba na bibi na bwana wake, jiko moja, choo kimoja. Ukitaka kulia unasubiri zamu.

Safari niliipanga mimi. Nilikuwa na daftari nimelijalidi kwa karatasi ya kaki kama la skuli, na humo nikazigawa pauni 400 tulizojikusanyia: treni, watu wawili, kwenda na kurudi, 140. Chumba siku mbili, 140. Chakula 60. Viingilio na tramu 40. Dharura 20. Dharura ishirini! Nikiitazama leo hesabu ile naona ni ya mtu ambaye dunia bado haijampata.

Wiki nzima nikawa napiga simu kwenye malokanda. Lokanda ndiyo bording na lojing yao. Wenye uwezo hulala Cecil, hoteli iliyoko pale Raml tangu 1929. Wa mfano wetu hupanda ngazi za majengo makuukuu yaliyojipanga mbele ya bahari, orofa moja ni afisi ya wakili, ya pili daktari wa meno, ya tatu vyumba vya kulala wageni. Nikajifunza maswali. Maji moto ni saa zote au asubuhi tu? Chai ya asubuhi imo ndani ya bei? Lifti inafanya kazi, au ipo tu? Na hicho chumba mnachosema kiko "ala al-bahr", ni bahari usoni, au ni bahari ukitoa shingo dirishani ukashikwa miguu na mtu?

Nilichagua baridi makusudi, bei hushuka. Hushuka kwa sababu ya nawwa, tufani ambazo watu wa Iskandaria wanazijua kwa majina na kwa tarehe, kila moja na siku zake, vile wazee wetu walivyokuwa wakihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Bwana mmoja akaniambia 70, bahari usoni, orofa ya tano. Nikapigia mstari mara mbili.

Alfajiri ya safari mwenzangu akaniambia nichukue karatasi zetu zote. Nikachukua.

Treni haina kisa. Mashamba, mifereji, punda, na chini ya saa tatu tumefika. Lifti ilikuwa ipo tu. Tukapanda orofa tano na begi letu moja, na nyuma ya meza tukamkuta mzee mwenye fulana ya sufi na redio ndogo. Akaandika pasipoti zetu taratibu, herufi moja moja, halafu akanyoosha mkono.

"Wil-asima?"

Sasa hapa wale msiojua Kairo niwaeleze. Kule herufi ya qaf humezwa. Qasima, ndiyo hiyo kasima, karatasi ya ndoa, mdomoni mwao hutoka asima. Mwenzangu alikwenda Misri na Kiarabu cha vitabuni, na kitabuni asima ni mji mkuu.

"Nairobi," akajibu kwa adabu.

Mzee akamtazama. "Asima, ya ibni. Asima."

"Naam. Nairobi."

Hapo ndipo kaimati huzunguka. Wasichokiona wageni ni vile mzee alivyonigeukia mimi, akaviunganisha vidole vyake viwili vya shahada, akavisugua ubavu kwa ubavu, akainua nyusi. Nikaelewa kabla ya mume wangu kuelewa. Nikahisi buibui langu lote linawaka. Nikaonyesha pete. Akatabasamu kwa huruma, maana pete zinauzwa barabarani. Nikapekua mkoba, nikapekua begi, daftari la hesabu nimelibana kwapani, nikasema kimeachwa Kairo, kwenye sanduku, chini ya nguo za harusi. Wallahi nilikuwa naamini ninachokisema.

Mzee hakuwa mkali. Alieleza kwamba Mzungu hamuulizi, Mzungu na mambo yake, lakini sisi majina yetu ni ya Kiislamu na yeye ana leseni na ana Mola wake. Suluhisho lake: mimi nichukue cha baharini, yeye achukue kingine mwisho wa korido, kinachotazama manwar, lile shimo la hewa katikati ya jengo linalopitisha mabomba na harufu za jikoni. Pauni 45 kwa usiku. Siku mbili zilipwe mbele, na zikilipwa hazirudi. Mwenzangu akahesabu 90 pale mezani, noti moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Dharura ikaenda, na chakula kikaifuata.

Usiku huo ndio ninaotaka kuusema.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati lisilofunga, na mlango wa vioo unaotoka kwenye roshani. Mzee hakunidanganya, bahari ilikuwa usoni kweli. Mkono wa kushoto, ncha ya ghuba, ngome ya Qaitbay inawaka taa kama keki. Upepo unaingia kwenye nyufa za mlango unapiga miluzi. Nikakaa kitandani kuirekebisha hesabu. Nikahisi jalada la daftari limenona. Nikapitisha ukucha chini ya karatasi ya kaki.

Kilikuwemo. Nilikitia alfajiri ile ile, ili kisikunjike begini.

Nilisimama. Nilifika mlangoni, mkono ukashika kitasa. Hatua kumi na mbili mpaka chumba chake, mzee bado yuko mezani, redio yake naisikia. Nikasimama hapo muda ambao sijui kuupima. Kisha nikageuka kukitazama chumba.

Nisiwadanganye kwamba niliwaza pesa. Kweli zilishalipwa, kweli hazirudi, na udhuru huo niliukuta umeshakaa tayari kunisubiri, lakini si huo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa sijawahi kulala chumbani peke yangu. Nimetoka kitanda cha nyanya, nikaenda godoro la dada watatu, nikatoka hapo na maua kichwani nikaingia kwa mume, na mume naye ukuta mmoja na bibi na bwana wengine wawili. Chumba kile kilikuwa kimya namna ambayo sikuijua. Hata nilipokohoa, nilikohoa mimi tu.

Simu ikalia mara moja, ikakata. Ranna, ndiyo flashi ya Wamisri. Nikatoka roshani. Amekaa ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta wa Kornishi, kofia ya sufi imemfika nyusi, ananipungia. Nikampigia.

"Chumba changu chanuka vitunguu," akasema. "Nimekuja kupunga hewa. Mbona husemi? Umelia?"

"Sijalia."

"Usijilaumu, mke wangu. Karatasi ni karatasi."

Daftari lilikuwa mkononi, cheti kimelala ndani yake. Ningeweza kukitoa nikakipeperusha pale pale, akakiona, tukacheka mpaka mzee akatufungulia milango yote. Wimbi likapiga mawe, likapanda juu ya ukuta, likamwagikia mgongoni. Akaruka akipiga kelele, nikamsikia mara mbili, simuni na barabarani. Nikacheka mpaka nikashika chuma cha roshani.

"Unanicheka?"

"Nakucheka."

"Bahari yaonekanaje huko juu?"

Nikaitazama kwa niaba yake. Nikamwambia nyeusi, na taa za ngome zimo ndani yake, zinavunjika na kujiunga. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi angalau mmoja wetu anaiona," na salio likaisha.

Nikarudi ndani. Nikalifungua daftari, nikaweka cheti chini ya ukurasa, nikaandika kwa kugandamiza kama navyoandika siku zote: *Chumba cha pili, 45 × 2 = 90.* Nikazima taa. Nililala katikati ya kitanda, mikono na miguu kama pweza.

Siku ya pili ilikwenda mbio. Tulikula ful, maharagwe yao, mkate mmoja wawili. Ngome tuliiona nje. Imejengwa 1477 mahali palipokuwa na ule mnara wa taa wa kale, ambao msafiri Ibn Battuta aliukuta umeharibika upande mmoja 1326 na aliporudi 1349 hata mlangoni hakuweza kufika. Mwenzangu akanieleza hayo yote huku meno yanagongana, na kwamba katikati ya safari hizo mbili, 1331, mtu huyo alipita kwetu Mombasa akalala usiku mmoja. Nikauliza kama aliombwa kasima. Maktaba mpya tuliizunguka kwa nje pia, tukapapasa ukuta wake wa mawe ya Aswan uliochongwa herufi za maandishi ya ulimwengu, kupapasa hakuna kiingilio.

Alasiri tukafika kwa al-Busiri, aliyetunga Burdai, kasida ya kumsifu Mtume. Msikiti wake unatazamana na ule mkubwa wa Abu al-Abbas al-Mursi. Mliokulia Mji wa Kale mnajua maana yake. Mtu akilala kitandani siku nyingi, nyumba ikihamiwa, mwezi wa Maulidi ukiingia, ni Burdai yake inayosomwa, na hadithi yake tunaijua kabla ya kujua kusoma: alipooza nusu ya mwili, akatunga, akamuota Mtume akimfunika joho lake, akaamka anatembea. Mwenzangu alitoka upande wa wanaume macho mekundu. Akasema amewaombea wazazi wote wanne, na amemuomba Mungu atujaalie tusiwe na siri baina yetu.

Nikaitikia amina. Mkoba ulikuwa begani, na daftari limo mkobani.

Kairo nikakipata "chini ya nguo za harusi". Alifurahi kama kilichotoka kaburini, akakikunja, akakitia pochini, na humo kikakaa miaka. Tumekwenda nacho Lamu. Tumekwenda nacho Dar. Hospitali nilipojifungua alikitoa akamuonyesha muuguzi ambaye hakukiomba. Nyumba ilipojaa watoto na kila mlango ukawa na mtu anayegonga, mara nyingine nilikuwa nakiwaza chumba kile kuliko ninavyowaza watu. Sijui kama hilo ni la kutubia au ni la kushukuru. Nimelijaribu kote kuwili.

Jana basi, Aba yake amemaliza hadithi na nilidhani yamekwisha. Kumbe mtoto amekipeleka cheti sebuleni, amekigeuza mgongo, anakilaza na kukiinua chini ya taa.

"Mama, huku nyuma pana maandishi hayana wino."

Nikasema ni mikunjo tu, lete tukirudishe.

"Si mikunjo, ni namba." Akapitisha kidole. "Nne. Tano. Arubaini na tano. Aba, arubaini na tano ni nini?"

Aba yake hakuinua macho kwenye simu.

"Bei ya chumba," akasema. "Hebu kamuulize mamako kama chai iko tayari."