Kuwamba Ngoma Tatu za Harusi, Shinyalu

Agosti 2014, harusi ya dada yetu ikiwa imekaribia, ngoma za ukoo zilishushwa darini zikaonekana hazifai tena. Dumuzi walikuwa wamezila mpaka ndani. Ukigonga mzinga, yaani lile gogo lililotobolewa linalobeba ngozi, kwa kidole, unga mweupe ulimwagika kupitia vitundu visivyozidi ncha ya msumari. Ngozi zilikuwa bado nzima, lakini ngozi nzima juu ya mti uliooza ni hasara tu. Wapigaji walikuwapo, tena wazuri. Kukodi ngoma za watu kutwa nzima kungekula pesa ya mahema. Khotsa, kaka yake mama, fundi wa mbao hapo Shinyalu, Kakamega, magharibi mwa Kenya, akasema: "Leteni ngozi. Mizinga ninayo."

Mizinga hiyo alikuwa ameichonga Januari, wakati wa kiangazi, kutokana na mukumari ulioanguka mpakani mwa shamba. Ndio mti ule Watanzania wanaouita mringaringa. Unafaa kwa ngoma kwa sababu ni mwepesi, haupasuki ovyo, na tezo inaukata bila ugomvi. Hata hivyo hauchongwi leo ukawambwa kesho. Gogo hutobolewa likiwa bichi, kwanza kwa sababu ni laini, na pili kwa sababu likiachwa likauke na moyo wake ndani, nje husinyaa huku kati kumekaza, na hapo lazima lipasuke. Khotsa alitoa moyo kwa patasi ndefu iliyofuliwa kutokana na springi ya gari, akaacha unene wa sentimita 3, kisha akapaka miisho yote miwili kinyesi kibichi cha ng'ombe. Maji ya mti hutoka upesi zaidi miishoni kuliko ubavuni. Njia hiyo ikiachwa wazi, nyufa huanzia mdomoni, mahali pale pale ngozi itakapokaa. Baada ya hapo mizinga ilifunikwa magunia ikawekwa chini ya ghala, kivulini, hadi Agosti.

Seti ya isukuti ni ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Za kwetu zilitoka na urefu wa sentimita 70, 55 na 40, na vipenyo vya 25, 20 na 15. Upande wa chini huwa wazi. Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, ndio wenye mchezo wa isukuti unaochezwa kwa ngoma hizi, na Novemba ya mwaka ule ule UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Shinyalu watu hawakungoja orodha ndipo wacheze, ila ni kweli kwamba wachongaji wamepungua, na vijana wengi wanaojua kupiga hawajui ngoma inatoka wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza unene hadi sentimita 2 na kuondoa kabisa ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Wanga uko hapo, na dumuzi huufuata wanga. Ngoma za zamani zilikuwa zimeachiwa weupe mwingi, ndiyo maana zikaliwa.

Kazi ya pili ilikuwa mdomo, na hapo Khotsa alikaa muda mrefu kuliko popote. Nakubaliana naye kabisa: watu wengi hulaumu ngozi kwa kosa la mdomo. Alitwaa ubao wa meza uliopigwa randa vizuri, akaupaka unga wa makaa, akaupindua mzinga juu yake na kuuzungusha kidogo. Palipotoka peusi ndipo palipoinuka. Akapakwangua kwa kipande cha kioo, akarudia, mpaka mduara wote ukatoka mweusi. Mdomo wenye bonde hauwezi kushika ngozi sawasawa. Upande mmoja utalia, mwingine utakohoa. Kisha akauviringisha ukingo wa nje kwa tupa na msasa ili ngozi iteleze inapovutwa, na wa ndani akauondoa ukali kidogo tu. Ukingo mkali hukata ngozi ikikauka. Lakini ukiuacha bapa na mpana, ngozi hupigapiga juu ya mti na kutoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa, na mlio huo hauondoki kwa kukaza.

Ngozi zilitoka kwa muuza nyama sokoni. Zamani isukuti ziliwambwa kwa ngozi ya kenge, nyembamba na yenye sauti kali. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilikuwa imeanza kutumika Januari ile, na kumiliki ngozi ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Khotsa hakutaka hata mzaha juu ya hilo. Tulitumia mbuzi: beberu mzee kwa ngoma kubwa, kwa kuwa ngozi yake ni nene na hutoa sauti ya chini, na mbuzi wachanga kwa zile nyingine. Ngozi ya ng'ombe kwenye kipenyo cha sentimita 15 haina maana. Haitikisiki, inalia kama mlango.

Alizikagua juani moja baada ya nyingine, akizinyoosha usoni mwake. Alitafuta mikwaruzo ya kisu. Mchinjaji akiharakisha, kisu hugusa ngozi kwa ndani bila kuitoboa, na mkwaruzo huo hauonekani ngozi ikiwa imelala chini. Alikataa tatu papo hapo.

Kutoa manyoya tulitumia majivu ya kuni ngumu. Lita moja ya majivu yaliyochekechwa, maji ya mvua kidogo kidogo mpaka yawe uji mzito, yapakwe upande wa nyama, ngozi ikunjwe na kutumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, maji ya majivu huila. Siku mbili hadi tatu zinatosha. Kila asubuhi unavuta manyoya ya shingoni kwa vidole. Yakiachia bila kung'ang'ania, toa ngozi. Ukiizidisha inaanza kuoza na kupoteza nguvu, na harufu itakwambia. Magadi yaliyomo kwenye majivu huchoma mikono, kwa hiyo binamu zangu walivaa mifuko ya plastiki iliyofungwa viganjani. Baada ya hapo ngozi hulazwa juu ya gogo na kukwanguliwa pande zote mbili kwa mgongo wa kisu, si makali. Utando wa upande wa nyama ni lazima utoke wote pamoja na mafuta. Palipobaki mafuta hapakazi, na panya watapatafuna kabla ya mwaka kwisha. Mwisho ni kusuuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni.

Kuwamba kulifanyika asubuhi, ngozi zikiwa zimelala kwenye maji safi usiku kucha. Kila ngozi ilikatwa mduara unaozidi mdomo kwa sentimita 8 kila upande, na mstari wa uti wa mgongo ukawekwa katikati ya ngoma. Kando ya uti, kulia na kushoto, unene unalingana. Ukiusogeza pembeni, nusu moja itakuwa nene na nusu nyingine ya tumbo, nyembamba. Vitundu vya vigingi vilikuwa vimetobolewa tayari, sentimita 4 chini ya mdomo, na nafasi ya sentimita 3 kati ya kimoja na kingine. Vigingi vilichongwa kutoka kwa mpera uliokauka sana. Ukavu huo una sababu: kigingi kikavu kikikutana na ngozi mbichi hunywa maji, kikavimba, kikajifunga chenyewe.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Khotsa aliichukua methali hiyo kama maelekezo ya kazi: hakumruhusu mtu mmoja kuwamba peke yake. Wawili walikaa wakitazamana, kila mmoja na koleo. Kigingi cha kwanza upande huu, cha pili upande wa pili, cha tatu na cha nne vikikata msalaba, kisha katikati ya hivyo, mpaka mduara ukajaa. Ukifuata mduara kuanzia kimoja hadi cha mwisho, makunyanzi yote hukusanyika mwishoni na hayatoki. "Usivute kama unang'oa jino, mwiwa," alimwambia kijana mmoja, mpwa wake. "Maji yakitoka itajivuta yenyewe." Kipimo chake kilikuwa kidole gumba. Ngozi mbichi ikibonyezwa katikati izame karibu sentimita moja. Isipozama kabisa, imekazwa mno, na ikikauka itapasuka au itang'oa vigingi.

Sasa Agosti ya Kakamega. Jua mpaka saa saba, halafu mawingu, halafu mvua, na mara nyingine mawe ya barafu. Kuna aliyeshauri ngoma ziwekwe jikoni karibu na moto ili zikauke upesi. Khotsa alikataa kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa. Moto hukausha uso wa ngozi na kuuacha moyo wake mbichi. Uso unakaza, moyo haujafuata, na ngozi hupasuka usiku watu wamelala. Jua kali vilevile, hasa likipiga upande mmoja. Ngoma zililazwa sebuleni, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, madirisha wazi kwa mkabala, na kila baada ya saa chache zikageuzwa robo mzunguko.

Siku ya pili ya kukauka, ngoma kubwa ilipasuka yenyewe. Mlio ulikuwa mkavu na mfupi. Tulipoichunguza, ufa ulianzia kwenye mkwaruzo mfupi wa kisu, mfupi kuliko punje ya mchele, sentimita 6 kutoka ukingoni; ulikuwa umejificha chini ya utando siku ya ukaguzi. Ngozi iliyopasuka ikiwa imewambwa haishonwi. Uzi utashika, lakini matundu ya sindano yatakuwa mianzo ya nyufa mpya. Khotsa hakupoteza muda kusikitika. Aliiloweka ile ngozi, akaing'oa, akapima upande usio na ufa: ulitosha kipenyo cha sentimita 20 na ziada ya kuwambia. Ngozi ya beberu ikahamia kwenye ngoma ya kati, ikiwa nene kidogo kuliko inavyotakiwa, na ngozi ya kati iliyokuwa bado nyevu ikawekwa kando. Beberu mwingine akatafutwa sokoni kwa haraka. Majivu yalipewa siku mbili tu, na manyoya ya mwisho yakanyolewa kwa wembe. Ngoma ya kati ilibaki na sauti ya chini kuliko kawaida tangu siku ile, na wapigaji wawili waliniambia waliipenda hivyo. Mimi sikubaliani nao; ilikaribia mno kubwa, zikawa zinabanana.

Wakati ngozi zinakauka, watoto walipewa kazi nyepesi. Kayamba ni chombo cha Pwani kwa asili, lakini shule zimekisambaza Kenya nzima, na bibi harusi alikitaka. Matete yalikatwa kando ya mto Isiukhu, makavu, yenye unene wa penseli, yakapunguzwa hadi sentimita 20. Yalishonwa kwa uzi wa nailoni kuwa jamvi mbili za upana wa sentimita 30, kisha vijiti vya unene wa sentimita 2 na nusu vikawekwa kati yake pande zote nne. Ndani zilitiwa mbegu za kana, lile ua la majani mapana. Ni nyeusi, za mviringo, ngumu kama risasi. Kikombe kimoja cha chai kilitosha. Ukijaza, mbegu hazina pa kukimbilia na kayamba linakuwa bubu. Mahindi ni makubwa na sauti yake ni nzito. Ndengu hulia vizuri mpaka fukusi waingie. Mtama hupenya kati ya matete. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, zinapendeza macho lakini zina sumu kali mtoto akizitafuna, kwa hiyo hazikuingia uani.

Kwa ajili ya njuga, vizibo vya soda viliondolewa ule mpira wa ndani, kwa sababu ndio unaomeza sauti, vikagongwa vikawa bapa na kutobolewa katikati kwa msumari wa inchi 4. Vilipigiliwa kwenye ubao kwa msumari mwembamba zaidi, viwili viwili, migongo ikitazamana, na nafasi ya kucheza ya nusu sentimita. Tundu likilingana na msumari, vizibo havichezi. Chuma cha kugonga kilitoka gereji ya Kakamega mjini: pete ya nje ya beringi ya lori. Ukiishika kiganjani ni chuma kimya. Ukiitundika kwa kamba nyembamba na kuigonga kwa bolti, inasikika hadi barabarani.

Jioni ya kuamkia harusi Khotsa alipita kwenye kila ngoma akigonga kwa kidole kimoja, sentimita 3 kutoka ukingoni, mbele ya kila kigingi. Palipolia chini, alipaka maji kidogo kwa kitambaa pembeni tu, si katikati, akakizamisha kigingi kwa nyundo kwa pigo moja au mawili. Alionya pia wapigaji wasizikalishe chini zikiwa wima. Upande wa chini ukizibwa na ardhi, hewa haina pa kutokea na sauti nzito inakufa. Isukuti hubanwa kwapani.

Mvua ilinyesha saa tisa, katikati ya sherehe. Ngozi hazikulowa, lakini unyevu wa hewa pekee ulizilegeza, na ndogo ndiyo iliyotangulia kupoteza makali. Moto wa mabua ya mahindi ulikuwa tayari nyuma ya jiko kwa ajili hiyo: mwali mwepesi, hatua moja kutoka ngoma, ngozi ikitazama moto huku mzinga ukizungushwa bila kusimama, dakika mbili au tatu, na kiganja kikipapasa ngozi muda wote. Kiganja kisipoweza kuvumilia joto, ngozi nayo haiwezi. Zilirudi zikiwa kali kuliko asubuhi.

Baada ya sherehe zilitundikwa jikoni kwa Khotsa, kila moja kwa kamba yake kutoka kwenye boriti, mdomo ukitazama chini, mbali na ukuta ambao panya hupandia. Moshi hufika hapo lakini joto la meko halifiki.