Usipange uwanja wa mafuta kwa modeli moja tu

Watu wakisikia simulesheni ya uwanja wa mafuta wanajua kompyuta inakwambia mafuta yako wapi, hapana jamani, kompyuta inapiga hesabu ya namna mafuta, maji na gesi vinavyosukumana ndani ya mwamba, ila mwamba wenyewe hakuna aliyeuona, modeli ni picha ya kukisia ya huo mwamba ndani ya kompyuta. Umetoboa visima vichache, tundu huko chini lina upana wa sahani, halafu kati ya kisima na kisima kuna mamia ya mita unakisia tu.

Ndo maana kisa cha Brugge nakipenda sana. TNO, taasisi ya utafiti ya Uholanzi, walitengeneza uwanja wa kubuni kabisa, wakaificha picha yake halisi, wakawapa washindani modeli 104 tofauti, zote zinawezekana. Visima 20 vya kutoa mafuta, 10 vya kuingiza maji ili yasukume mafuta, na data za uzalishaji za miaka 10, haya rekebisheni modeli zenu zilingane na hizo data kisha mpange miaka 20 inayobaki ili pesa iwe nyingi iwezekanavyo. Vikundi tisa vikakutana mjini Brugge, Ubelgiji, 2008, na kila mpango ukajaribiwa kwenye ule uwanja uliofichwa. Waliofungua na kufunga vali za kila tabaka la mwamba ndani ya kisima walipata zaidi kuliko waliokiendesha kisima chote kwa pamoja, na inaingia akilini kabisa, maji hayafiki kila tabaka siku moja, tabaka likishaanza kuleta maji unalibana na mengine yanaendelea.

Sasa hapa ndo penye hatari. Ukiiambia kompyuta itafute mpango bora kwa modeli moja itaupata kweli, tena mzuri mno kwenye skrini, kwa sababu itatumia kila mfereji wa mchanga (njia maji na mafuta yanapopita kirahisi) uliouchora hata kama huko chini haupo, unaingiza maji ukitegemea yasukume mafuta kumbe yanakimbilia moja kwa moja kwenye kisima cha kutolea. Watafiti wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, nao 2009 walichukua modeli 100 za uwanja mdogo wa kubuni, visima 8 vya maji na 4 vya mafuta, wakatafuta mpango mmoja wenye wastani bora wa faida kwa zote 100. Wastani ulipanda na tofauti kati ya modeli ikapungua, yaani hata ukikutana na mwamba mbaya hauumii sana. Kwangu mimi hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, maana uwanja unao mmoja tu, hauishi kwenye wastani.

Na kwetu hili halipo mbali, Tilenga, mradi wa mafuta kule Uganda, imepangiwa visima zaidi ya 400 na maji ya kuingiza yanatoka Ziwa Albert. Kwahiyo ukiona mahali wametangaza uwanja utatoa mapipa kadhaa kwa siku, namba moja kavu, uliza modeli yenye matokeo mabaya kuliko zote ilisema ngapi, na baada ya visima vya kwanza kuanza kazi modeli zitarekebishwa kila baada ya muda gani.