Nilivyochagua mashine ya hewa kwa nyumba yetu mpya Regina

Nyumba tuliyopanga kwanza hapa Regina, Kanada, madirisha yake yalikuwa yanalia. Januari nzima tuliamka na kukuta vioo vinatiririka maji, na nje kukifika nyuzi 30 chini ya sifuri, maji yale yaliganda kwenye kingo mpaka dirisha likashikana na fremu. Siku moja nikavuta kitanda cha mwanangu nifagie, nikakuta ukungu mweusi umetanda ukutani, upana wa sinia la pilau. Kifua kilikuwa kinambana tangu Novemba. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akaniambia, "Mwanangu, mbona mmejifungia kama samaki wa kopo? Fungua hewa iingie." Nikafungua. Haikupita dakika tano tanuru la kupasha nyumba joto likaanza kunguruma kule besimenti, chumba cha chini ya nyumba, likaunguruma mpaka adhuhuri.

Basi tulipojaliwa kujenga, suala la hewa nililishika mimi. Sakafu na makabati nilimwachia baba watoto.

Mashine yenyewe mafundi wa huku wanaiita HRV. Inavuta hewa nzito ya bafuni na chooni na kuitupa nje, na papo hapo inaingiza hewa safi vyumbani. Hewa hizo mbili zinapishana ndani ya kiini chenye sahani nyembamba nyingi, kama watu wanaopishana kichochoroni: hazichanganyiki, lakini joto la inayotoka linaipata inayoingia. Nilifurahi kujua kwamba mji wetu huu una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1977 ilijengwa hapa Regina nyumba ya majaribio iliyozibwa vizuri sana, na ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kufungwa kifaa cha namna hii. Miaka zaidi ya kumi baadaye ndipo Wajerumani wakajenga ya kwao pale Darmstadt.

Kilichonisumbua zaidi ni kuchagua kati ya HRV na ndugu yake, ERV. ERV inarudisha ndani joto pamoja na sehemu ya unyevu. Muuzaji wa kwanza aliisifia, na sababu yake haikuwa mbaya: majira ya baridi hewa ya jimbo letu la Saskatchewan ni kavu kupindukia. Rafiki yangu anayeishi na mumewe tu alinunua ERV, na midomo yake ikaacha kupasuka. Lakini sisi ni watu sita. Maharage yanachemka saa mbili, sufuria ya ugali haikauki, nguo zinaanikwa ndani, na kila mtu anaoga asubuhi na jioni. Nikanunua kipimo cha unyevu, nikakiweka sebuleni wiki mbili na kuandika namba kila usiku. Kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri kilisoma kati ya asilimia 48 na 55, wakati kwa baridi kama hiyo inafaa usizidi takriban 30. Sisi maji tulikuwa nayo ya kumwaga, ya kurudisha ndani ya nini? Nikachukua HRV.

Ukubwa wake niliupiga hesabu mwenyewe mezani. Kwa kanuni inayotumika hapa, chumba cha wazazi kinahitaji lita 10 za hewa kwa sekunde, besimenti 10, na kila chumba kingine 5. Kwetu ilifika lita 65. Muuzaji alikuwa ameandika 55, maana besimenti hakuihesabu, na huko ndiko wanangu wanakocheza. Kuingiza lita 65 za hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri na kuipasha ifike nyuzi 21 kunakula takriban kilowati 4 za joto mfululizo, kama hakuna kinachorudishwa. Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri yule tanuru aliyenguruma mpaka adhuhuri.

Angalieni pia namba wanazowapa. Karatasi ya mauzo ilionyesha kwa herufi kubwa kiwango cha kurudisha joto kilichopimwa nje kukiwa nyuzi sifuri. Sifuri kwetu ni siku ya kutoka bila kofia! Nikaomba kipimo cha nyuzi 25 chini ya sifuri, ambacho nacho hufanywa, na mashine iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha yangu ikashuka hadi ya tatu. Kwenye baridi kali unyevu wa hewa inayotoka unaganda ndani ya kiini, mashine inabidi ifunge hewa ya nje kwa muda na kuzungusha ya ndani ili barafu iyeyuke. Muda huo wote hupati hewa mpya.

Kwenye ramani, tundu la kuvutia hewa lilikuwa pembeni ya mahali pa kuegesha gari. Nilikataa. Watu huku wanawasha gari likiwa limesimama dakika kumi lipate joto, na moshi wote ule ungeingia chumbani kwa watoto. Tukalihamishia upande wa pili, mbali na tundu la kutolea, na juu kuliko theluji inavyojikusanya.

Nusura niharibu mwishoni. Fundi alimaliza, akawasha, mashine ikavuma, akaanza kukusanya vifaa. Nikamwomba apime kwanza hewa inayoingia na inayotoka. Alisita, kisha akapima: inaingia 64, inatoka 47. Hewa inayozidi ndani hujisukumia kwenye nyufa za kuta na unyevu wake, ikaganda humo, na kuta zikaoza bila mtu kujua. Alirekebisha vilango vya mabomba kwa karibu saa nzima mpaka zikalingana. Nilimshukuru kwa dhati, nikampa chai na maandazi.

Usiku wa kuhamia niliwasha udi. Nikakaa kitako koridoni na chetezo, nikautazama moshi ukipita chini ya mlango wa bafu, ukapanda taratibu, ukaingia kwenye kitundu cha dari.

Kila baada ya miezi mitatu naosha vichujio, na mara ya kwanza vilitoka vimejaa vumbi la kijivu zito kama pamba ya mto. Na kila Jumamosi navuta kitanda cha mwanangu, napapasa ukuta wa nyuma kwa kiganja. Huu ni msimu wa pili wa baridi. Ukuta ni mkavu, rangi bado nyeupe.