Kalamu Nyekundu

Mwezeshaji wa mafunzo ya mawasiliano kati ya tamaduni alizima sauti, kisha akatuonyesha video fupi ya watu watatu mezani. Tuandike tulichokiona, alisema, basi. Tulitoka mataifa mbalimbali na tulikuwa tunaanza kazi katika timu moja. Mimi nilikuja nimejiandaa: nilikwishamsoma mwanaanthropolojia Edward T. Hall, aliyeeleza mwaka 1976 kwamba kuna jamii ambamo maana hubebwa zaidi na maneno yenyewe, na nyingine ambamo maana hukaa kwenye uhusiano, mazingira na ukimya.

Nikaandika upesi: msichana ana woga, mwanamume ana dharau, mzee amechoka.

Kalamu nyekundu ilipita juu ya karibu kila neno langu. "Hizi ni hukumu," mwezeshaji alisema kwa upole. "Macho yako yaliona nini?"

Nilipotazama tena, yaliyobaki yalikuwa machache. Msichana aliinamisha uso. Mwanamume alitazama dirishani wakati mwenzake akisema. Mzee alifumba macho. Jirani yangu, aliyekulia mbali sana na nilikokulia, aliona heshima pale nilipoona woga. Na kwa mzee yule aliona mtu anayesikiliza kwa makini.

Kutofautiana kwetu hakukunishangaza. Kilichonisumbua ni ile kasi yangu ya kuhukumu. Wakati wa mapumziko nilimfuata mwezeshaji, naye akanisimulia nadharia ya William Gudykunst, mtaalamu wa mawasiliano kati ya tamaduni: wasiwasi ukizidi mno, mtu hushika dhana alizonazo tayari kuhusu kundi la mwenzake, ukipungua mno, hukosa hata hamu ya kuwasiliana. Nilijitambua papo hapo. Tangu asubuhi nilikuwa nikihofia lafudhi yangu, nikihofia kuonekana sijui, na moyo unaodunda hivyo hautulizwi na kitabu. Mafunzo mengi, kwa maoni yangu, huliruka jambo hili. Hutugawia orodha za desturi za wageni, kana kwamba kikwazo chote kiko kwao.

Alasiri tulipewa video nyingine. Kabla ya kushika kalamu nilimwambia jirani yangu kwamba nina wasiwasi.

"Hata mimi," akajibu, akasogeza kiti.

Tukaandika kwanza mikono, macho, umbali kati ya viti. Kisha kila mmoja akatoa maana zaidi ya moja kwa kila tulichokiona, na muda ukaisha tukiwa bado tunabishana juu ya mkono mmoja ulioinuliwa.