Sauti ya Kamituga

Juzi binti yangu aliniuliza mbona Koko, yaani bibi yake, mama yangu mimi, akirekodi sauti kwenye WhatsApp, anaipeleka simu mpaka mdomoni na kupaza sauti hadi jirani anageuka. Nikamjibu kwamba Koko alizoea kuongea na watu wa mbali kwa fonie. Akauliza fonie ndiyo nini.

Mwaka 2001, vita havijaisha. Baba alikuwa muuguzi Shabunda, sisi tumebaki Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Barabara ya Burhale na Kigulube haikupitika. Aliyetaka kwenda alipanda ndege ndogo pale Kavumu, katikati ya magunia ya chumvi na sabuni, na ndege hiyo hiyo ilirudi na madini ya koltani. Habari zote zilipita kwenye fonie ya mfanyabiashara mmoja wa Nyawera: redio yenye maikrofoni, betri ya gari chini ya meza, waya wa antena umefungwa juu ya mwavokado. Unaandikisha jina, unalipa, unangoja zamu yako kwenye benchi. Wote waliokaa pale wanakusikia, na kila kituo kilichofungua masafa hayo kinakusikia pia. Ndiyo maana wanunuzi wa madini walitaja bei kwa mafumbo, na wake za watu walidai pesa za shule kwa adabu kubwa.

Babu, baba yake Baba, alifariki alfajiri. Asubuhi hiyo hiyo Mama alinishika mkono tukateremka Nyawera.

Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Sauti ya Baba ilikuja na kupotea, maneno nusu nusu: "Sikusikii. Rudia." Mama akarudia. "Mzee amefariki. À vous," yaani zamu yako kusema. Sikusikii, rudia. Akapaza sauti zaidi: "Mzee amefariki!" Kitufe kilikuwa kigumu, kidole gumba chake kimekuwa cheupe kwenye ncha. Watu wa benchi waliinamisha vichwa.

Hapo ikaingia sauti nyingine, safi kabisa. "Bukavu, hapa Kamituga. Nawapata wote wawili. Mama, niachie, nitampelekea."

Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mawimbi ya fonie hupanda angani na kuja kushuka mbali, hivyo mtu wa kituo kingine huweza kuwasikia vizuri ninyi ambao hamsikiani. Lakini yule bwana hakuutupa ujumbe jinsi alivyoupokea. Alianza kwa kuuliza: "Shabunda, uko na mtu hapo karibu?" Akangoja. "Keti kwanza, ndugu yangu. Umeketi?" Akangoja tena. Kisha, polepole: "Mama watoto anasema mzee amepumzika leo alfajiri. Hakuteseka."

Mama hakuwa amesema habari ya kuteseka.

Ilisikika mikwaruzo tu, muda mrefu. Halafu Kamituga akarudi: "Bukavu, anauliza kama mama yake ameshaambiwa." Na kabla Mama hajajibu, zikaanza kuingia pole. Pole sana Shabunda, hapa Kindu. Pole ndugu, hapa Lulingu. Watu waliokuwa wanangoja kuuliza bei ya kasiteriti, mawe ya bati, wakatuachia masafa.

Baba hakupata ndege, tukazika bila yeye. Baadaye antena za Celtel, ambayo leo ni Airtel, zilifika mpaka kule msituni, tukajifunza kubipu, na fonie ikabaki kwa mapadri na mashirika.

Mwaka jana shangazi yetu alifariki. Nilijua nikiwa kwenye taksi, karibu na Place de l'Indépendance: picha yake na mshumaa kwenye grupu la familia. Mwanawe aliyeko Lubumbashi aliiona dakika ile ile, yuko sokoni, peke yake.

Nilimwambia Mama kwamba siku ile niliitamani fonie. Akakataa katakata. "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilitaka kulia na mume wangu, nikalazimika kupiga kelele mbele ya wauza mawe. Simu ni baraka." Ana haki, machozi yalikuwa yake. Ila mimi yule mtu wa Kamituga, ambaye hata jina lake hatukulijua, sijaacha kumwombea.

Siku hizi nyumbani kwetu habari ya msiba haiandikwi kwenye grupu kabla kila mtoto wa marehemu hajapigiwa, na anayepiga anauliza kwanza: uko na nani? Mdogo wangu anasema tunachelewa, watu wa nje wanatutangulia kuweka picha. Bado tunabishana.