Maji Yalipoingia Difu ya Nyuma

Desemba 2011, bendera za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa bado zinaning'inia kwenye nguzo, zimeloa chapachapa, na pale gereji kwetu Buguruni, Dar es Salaam, kulikuwa na Land Rover 109 iliyotuganda kama kupe. Mwenyewe alikuwa mchimba visima, tukimwita Mzee wa Visima. Kazi zake nyingi zilikuwa Rufiji, na kila masika likiisha alirudi analalamikia shafti ya nyuma iliyokatika. Waliowahi kuwa na Land Rover za zamani wananielewa: zile shafti zenye meno 10 hazipatani na tope zito wala na dereva mwenye hasira.

Safari hii Mzee hakutaka tena shafti. Alishusha kwenye pikapu ekseli mbili za Unimog 404, zimejaa kutu na vumbi, alizozipata kwa mtu aliyenunua Unimog iliyokufa injini. Gari hilo Wajerumani walilitengeneza kuanzia 1955 hadi 1980, na mteja wao mkubwa alikuwa jeshi lao wenyewe. Magari hayo yalipostaafu jeshini, vyuma vyake vikasambaa duniani.

Mimi nilikuwa kijana wa kuosha vyuma na kushika tochi, na ekseli ile ilinishangaza. Shafti haiingii katikati ya gurudumu. Inafika kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa juu, halafu ndani ya habu kuna gia mbili, moja juu ya nyingine, zinazoteremsha nguvu hadi kwenye gurudumu. Kwa hiyo difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, na bomba lote la ekseli vinakaa juu kabisa, mbali na mawe na visiki. Na kwa kuwa gia ni mbili tu, shafti inazunguka upande mmoja na gurudumu upande mwingine; difu yenyewe imepangwa kwa hesabu hiyo tangu kiwandani. Nilizungusha kwa mkono mara nyingi nikicheka peke yangu, mpaka Fundi akanifokea niache mchezo.

Fundi hakuipenda kazi ile, na mpaka leo naona alikuwa na hoja. Difu ya Land Rover ile inapunguza mzunguko kwa 4.7, ya Unimog, ukijumlisha na gia za kwenye habu, ni 7.56. Maana yake gari litapanda ukuta, lakini kwenye lami ya Barabara ya Kilwa injini italia na daladala zitampita Mzee zikimpungia. Rimu nazo hazikubaliani: Land Rover bolti 5, Unimog 6. Propela ya Unimog, shafti ndefu inayoleta nguvu hadi kwenye difu, hukaa ndani ya bomba, sisi tukalikata hilo bomba, tukampelekea fundi wa kukereza chuma mtaa wa Gerezani atutengenezee flanji ya kuungia. Kuchomelea vikalio vya springi, kupima, kukata tena, kupima tena. Hayo yalikula muda wote, sina hamu ya kuyasimulia.

Mvua ilipoanza kunyesha tarehe 20, gari lilikuwa linatembea. Kilichobaki ni kitu kidogo: mpira wa kupumulia wa ekseli ya nyuma, kijibomba cha kupitishia hewa ya ndani ya ekseli. Wa mbele tulishaufunga, tukaupandisha hadi juu chini ya boneti. Wa nyuma ulikuwa bado, maduka ya mipira yalikuwa yamefungwa kwa mvua.

Mzee akatokea kwa miguu, suruali imekunjwa magotini.

"Fundi, gari linatembea?"

"Linatembea, Mzee, ila halijaisha."

"Limebaki nini?"

"Mpira wa kupumulia wa nyuma."

"Mpira! Mama yangu amepanda juu ya meza kule Kigogo, wewe unaniambia habari za mpira?"

Hakukuwa na la kujibu. Fundi akaniambia, "Dogo, panda nyuma na kamba," tukaondoka.

Mji ulikuwa umevurugika. Bonde lote la Msimbazi lilijaa, Jangwani hakupitiki, na kila barabara ya juu ilikuwa imebeba magari ya barabara tatu. Tulijikokota kwa gia nzito, injini inapiga kelele, breki zinashikwa kila hatua. Tulipofika mteremko wa Kigogo, Fundi aliteremka, akagusa habu ya nyuma kwa kiganja, akakiondoa upesi.

"Tusubiri lipoe," akasema.

Mzee alimtukana. Watu waliokuwa pembeni na magodoro vichwani nao wakaanza kupiga kelele, wengine wakidhani tunaogopa. Fundi akasimama kwenye mvua, mikono kiunoni, anaeleza kana kwamba yuko darasani: ekseli ikiwa ya moto, hewa ya ndani imetanuka. Ukiichovya ghafla kwenye maji baridi, hewa inajikusanya na kuvuta chochote kilicho nje. Kama kuna mpira unaofika juu, itavuta hewa. Kama hakuna, itavuta maji, kupitia tundu la kupumulia na kupitia sili zilizochoka, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje.

"Fundi, nitakulipa hizo oili!" Mzee akapiga ukelele.

Basi Fundi akafungua mkanda wa feni ili pangaboi isirushie injini maji, tukaingia. Kitu kimoja tu Fundi alikikatalia katakata: hakukubali kusogea upande wa mto wenyewe, ambako maji yalikuwa yanakimbia na kubeba friji na mabati. Alisema gari refu lenye matairi makubwa likikutana na mkondo linaelea tu. Tukashika uchochoro ambao maji yalikuwa yametulia, yakimfika mtu mzima kiunoni. Gia ya kwanza, nguvu ya chini, taratibu, bila kuachia mafuta. Maji yalijitenga mbele ya bampa na gari likapita. Chini ya miguu nilihisi magurudumu yakipanda vitu ambavyo sikutaka kujua ni nini.

Bibi tulimkuta juu ya meza kweli, amejifunga kanga mbili, mtulivu kuliko sisi sote. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akasema haondoki bila cherehani chake. Mzee akaanza kubishana. Bibi hakumjibu, alinitazama mimi. Nilikibeba kile chuma begani, maji kifuani, nikikumbuka kila mtu aliyewahi kuniambia kazi ya gereji ni nyepesi.

Baada ya hapo hatukuweza kuondoka tu. Kulikuwa na wamama na watoto kwenye kuta na juu ya paa la banda. Tuliingia na kutoka mpaka giza likaanza, na habari ya kusubiri ipoe hakuna aliyeikumbuka tena, hata Fundi. Breki zilishakufa kwa kulowa. Fundi alikuwa anasimamisha gari kwa gia.

Usiku ule ule, tumerudi Buguruni, sote tunatetemeka, Fundi alikataa kwenda kulala. Alisema gari likilala na maji, beringi na gia za kwenye habu zitaamka na kutu. Ekseli zile zina oili sehemu sita: difu mbili na habu nne, kila moja na nati yake ya kumwagia. Nikalala chini na beseni.

Difu ya mbele ilitoa oili nyeusi, safi. Habu zote mbili za mbele vilevile. Ya nyuma ikatoka rangi ya chai ya maziwa, imekorogwa na mwendo wa kurudi. Habu ya kushoto nayo hivyo hivyo. Ile ya kulia ilipona, sijui kwa dawa gani. Ndani ya madramu ya breki tulichota tope kwa vijiko.

Tuliosha kwa dizeli, tukajaza oili namba 90 ya bei nafuu, tukainua magurudumu na kuliendesha hapo hapo kwenye mawe, tukamwaga, tukajaza nyingine. Sili ya ile habu ilikuwa imekatika mdomo. Gerezani hakuna aliyewahi kusikia sili ya Unimog, lakini Fundi hakuuliza jina la gari: alipima kwa venia upana wa nje, tundu la ndani na unene, akataja namba tatu dukani, akaletewa sili ya lori la Kijapani iliyokaa sawasawa.

Mzee alipokuja kuchukua gari alisoma bili, akaisoma tena.

"Oili mara mbili?"

"Ya kwanza ya kuoshea, Mzee. Ya pili ya kukaa."

"Na ya mbele?"

"Ya mbele hujadaiwa. Ina mpira."

Alilipa nusu. Nusu nyingine ilikuja Februari pamoja na gunia la mchele wa Rufiji, na Fundi akaanza kulipigia hesabu lile gunia papo hapo, kama linatosha au halitoshi.